Kamera haionekani kwenye mashini na kadi inadai format: picha zote za harusi ziko humo

DadaKamera_Bkv
Jumapili, saa 2:15 usiku

Bandugu, hamjambo. Niko Bukavu, na tangu jana usiku sijapata usingizi.

Jumamosi nilipiga picha za harusi ya watu wa Kadutu. Asubuhi komini, mchana Katedrali Notre-Dame de la Paix, jioni ukumbini. Kamera yangu ni Canon EOS 600D, na siku nzima nilitumia kadi moja, SD ya giga 64. Kufika nyumbani, hakuna umeme. Uliporudi, karibu saa 10 alfajiri, nikaichomeka kamera kwa kable kwenye laptopu. Ikalia ule mlio wa kitu kimeingia, halafu kimya. Hakuna dirisha lililofunguka, hakuna alama ya diski. Nikahama tundu la USB, nikazima nikawasha. Vilevile.

Laptopu niliinunua mwezi uliopita, okazio ya Bulaya, yaani iliyokwisha kutumika Ulaya. Ina mdomo wa kadi ubavuni lakini umevunjika kwa ndani, kadi haishiki.

Leo baada ya misa nikaipeleka kadi kwenye sekretaria moja ya kuchapa barua hapa mtaani. Wana mashini ya mezani ya zamani, Windows XP. Kijana akatia kadi, mara ikatoka sentensi kwamba diski hii haijaformatiwa, je, unataka kuiformati sasa, yaani kuipanga upya kama tupu? Mkono wake ulikuwa tayari kwenye panya. Nikamshika kiganja. Nikachomoa kadi nikarudi nyumbani, moyo unanidunda.

Kwenye kamera yenyewe picha zinaonekana zote, 571. Ninazipitisha moja moja kwenye kioo kidogo. Kuna moja ambapo bibi yake bi harusi, aliyevuka ziwa kwa mashua kutoka Idjwi, ameweka vidole viwili kwenye ukingo wa shela kama anayepima kitambaa, na bi harusi amefumba macho. Bibi ameshapanda mashua kurudi kwake. Hiyo siwezi kuipiga tena.

Familia wanangoja flashi yao Jumatano. Je, kadi imekufa? Nifanye nini?

Kijana_Ibanda
Jumapili, saa 2:31 usiku

Pole dada. Wewe kubali tu, iformati, halafu chukua programu ya kurudisha mafaili, picha zitarudi. Mimi nilishafanya hivyo kwa flashi yangu mara mbili, nikapata karibu vyote.

MamaFoto_Goma
Jumapili, saa 2:50 usiku

Dada, usiguse. Nakuomba, usiguse.

Mwanangu wa Ibanda, najua umesema kwa moyo wa kusaidia. Lakini "karibu vyote" ya flashi ya nyimbo si "karibu vyote" ya harusi. Ndani ya hiyo "karibu" ndimo anapoweza kupotelea bibi wa Idjwi.

Nieleze yaliyonipata, maana bado yananiuma. Miaka michache iliyopita hapa Goma nilipiga kolasio, yaani mahafali, ya wanafunzi. Jioni nikatia kadi kwenye mashini ya mezani, nikachagua picha zote, na badala ya kunakili nikakata ili nibandike kwenye diski. Nilitaka kadi iwe tupu kwa kazi ya kesho. Zikiwa zimefika katikati, umeme ukaondoka. Mashini ya mezani haina betri, ikazimika palepale. Uliporudi, nyingine hazikuwa tena kwenye kadi, na kwenye diski kulikuwa na majina ya mafaili yasiyofunguka.

Nilisaidiwa na PhotoRec, programu ya bure iliyotengenezwa na Christophe Grenier. Haijali majina. Inapita kwenye kadi kipande kwa kipande ikitafuta alama ya mwanzo wa kila aina ya faili, kwa mfano kila JPEG huanza kwa baiti zilezile, FF D8 FF. Ndiyo maana inaweza kupata picha hata kama orodha imeharibika. Lakini ilinirudishia lundo la mafaili yasiyo na majina yake, kila moja herufi f na tarakimu tu. Nilikaa usiku tatu nikizipanga kwa kuangalia nani amevaa nini. Picha 11 zilirudi nusu yake ya chini ni kijivu. Mmoja wa waliopotelewa na picha ya jukwaani alikuwa mtoto wa kwanza kwao kumaliza chuo kikuu. Mama yake alikuja mara mbili kuniuliza kama imepatikana.

Kwa hiyo kurudisha ni dawa ya kidonda kilichokwisha kutokea. Wewe huna kidonda. Picha zako unaziona kwenye kamera.

KatubaPiksel
Jumapili, saa 3:05 usiku

Jambo kutoka Lubumbashi. Yaya, angalia kable kwanza. Nyingi zinazouzwa barabarani ni za kuchajia tu, ndani zina nyaya mbili badala ya nne, hizo mbili za data hazimo. Hapa Katuba nimeshaona watu wanabadilisha hadi mashini kumbe ni kable.

Na mimi nina shida kama hiyo. Canon 70D yangu kwa kable haionekani kabisa siku hizi, zamani ilionekana. Kable ni ileile. Mwenye kujua anisaidie, sitaki kufungua uzi mwingine.

FundiNyawera
Jumapili, saa 3:20 usiku

Dada, habari za usiku. Kadi ambayo kamera inaionyesha picha 571 bila kusita haijafa. Lala leo.

Ila kabla ya kulala, itoe kadi, angalia ubavu wake wa kushoto, kuna kidude kidogo cha kusukuma. Kisukume kwenda upande ulioandikwa LOCK. Kufunga huko kunazuia kuandika tu, kusoma kunaendelea. Tangu sasa hata mtu akikubali format kwa bahati mbaya, mashini itamkatalia. Kamera pia itagoma kupiga, na ni vizuri, usiipige hata picha moja kwa kadi hiyo.

Kesho nijibu mambo haya. Kable umeitoa wapi? Kadi imeandikwa HC au XC karibu na neno SD? Kwenye laptopu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, unisomee jina la Windows mpaka herufi ya mwisho, usiache hata moja. Kisha, kamera ikiwa imewashwa na imechomekwa, fungua Gestionnaire de périphériques, ile orodha ya vifaa vya mashini, uangalie kama kuna jina lenye alama ya njano.

DadaKamera_Bkv
Jumatatu, saa 12:40 asubuhi

Papa fundi, aksanti. Kadi nimeifunga. Nilirudia kuangalia mara tatu kama kidude kimefika chini.

Nimefungua kadi kwa sekunde chache tu kujaribu laptopu, kisha nikaifunga tena. Kable ilikuja na kamera, ndani ya boksi lake. Kadi imeandikwa XC. Windows imeandikwa Windows 10 Pro N. Kwenye Gestionnaire lipo jina la kamera, Canon EOS 600D, na lina pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao.

FundiNyawera
Jumatatu, saa 1:30 asubuhi

Umenipa jibu katika herufi moja. Hiyo N.

Mlio uliousikia na jina la kamera kwenye orodha vinaonyesha kable ni nzima. Mashini imemuuliza mgeni jina lake, na mgeni amejibu. Kaka wa Katuba amesema kweli kuhusu kable za kuchajia, lakini kable ya namna hiyo haitoi mlio wala jina. Basi kable tuiache.

Kamera kama yako haijitambulishi kwa mashini kama flashi. Inaongea kwa utaratibu wa kupitisha picha unaoitwa PTP, na Windows inauelewa kupitia vipande vilivyo familia moja na vile vya muziki na video. Sasa, mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliamua kwamba Microsoft iuze huko pia toleo la Windows lisilo na Windows Media Player, ili programu za wengine zipate nafasi. Toleo hilo ndilo lenye herufi N mwishoni. Lakini kuondoa kichezeshi hicho kuliondoka na mengine, yakiwemo yale yanayoiwezesha Windows kuongea na kamera na simu. Mtu wa huko anaongeza kile kipande kinachokosekana kwa dakika chache, yameisha. Sisi laptopu inatufikia okazio, imepita mikono mitatu, hakuna aliyetuambia kwamba ina N. Nimeshaletewa za namna hii kadhaa, na wenyewe wote walikuwa wanalaumu kamera.

Hiyo ni laptopu. Sasa sekretaria.

Kadi za SD zina vizazi. SD ya kawaida inaishia giga 2. SDHC inakwenda hadi 32. Kupita hapo ni SDXC. Kwa nje zinafanana kabisa, lakini mpangilio wa ndani si mmoja: HC inapangwa kwa FAT32, XC kwa exFAT. Windows XP ni ya mwaka 2001, na exFAT ilikuja baadaye sana. XP iliongezewa uwezo wa kuisoma mwaka 2009, kwa sasisho ambalo mashini nyingi za mtaani hazikuwahi kulipata. Mashini kama hiyo ikikutana na kadi yako inakuwa kama mtu aliyepewa daftari la maandishi asiyoyajua. Badala ya kusema "sijui kusoma hili", inasema "daftari ni tupu, nilipange upya?"

Kwa hiyo mashini mbili zimekukatalia, kila moja kwa sababu yake, na kadi haina kosa.

Njia fupi ni kununua lekteri ya kadi, kile kidude cha kuchomeka kwenye USB na kutia kadi ndani. Windows ya N inaiona lekteri kama flashi, haihitaji vile vipande vilivyoondolewa. Ila soma maandishi yake kabla ya kulipa: lazima iwe imeandikwa SDXC. Zile za zamani za SD peke yake zitaishika kadi na zisionyeshe kitu. Njia nyingine ni kuitengeneza Windows yenyewe: kwenye Paramètres, tafuta Fonctionnalités facultatives, ongeza Media Feature Pack, kisha uzime na kuwasha. Itakula mega zako na muda wako, kwa hiyo leo nunua lekteri, hilo la pili lifanye wiki ijayo kwa utulivu. Siku utakapotumia kable, betri ya kamera iwe imejaa. Kamera ikizimika katikati, unakili unakatika.

Kijana_Ibanda
Jumatatu, saa 2:10 asubuhi

Nimesoma yote. Dada nisamehe kwa ushauri wa jana, sikujua. Papa fundi, na kama angekubali ile format pale sekretaria, ingetokea nini hasa?

FundiNyawera
Jumatatu, saa 2:25 asubuhi

Umeuliza vizuri. XP haiformati FAT32 kwa kitu kinachopita giga 32, kwa hiyo kwa kadi ya 64 huenda ingempa mpangilio mwingine, NTFS. Ingeandika orodha mpya juu ya ile ya zamani, na kamera isingeisoma tena, kwa sababu Canon haijui NTFS. Picha nyingi zingekuwa bado zimelala ndani, lakini bila mlango, na yeye angebaki kutafuta kwa PhotoRec kama mama wa Goma. Na kama kamera ingemwambia "formati tena" naye akakubali, akapiga hata picha kumi za majaribio, hizo kumi zingekalia mahali pa nyingine.

Kijana_Ibanda
Jumatatu, saa 2:32 asubuhi

Na mimi kadi yangu ya giga 128, nimeipata kwa bei nzuri sana sokoni, picha za mwanzo ziko sawa, za mwishoni zinafunguka nusu au hazifunguki kabisa. Ni lekteri?

FundiNyawera
Jumatatu, saa 2:45 asubuhi

Hapana mwanangu, hapo naogopa kadi yenyewe. Kuna kadi zilizochezewa ili zijitangaze giga 128 wakati ndani ni 8 au 16. Ukipita uwezo wake wa kweli, inapokea picha na kuonyesha jina lake, lakini hakuna inapoziweka. Nakili kila kinachofunguka leo, kisha ipime kwa H2testw, ni programu ya bure. Inaijaza kadi yote na kusoma tena kilichoandikwa, inakwambia ukubwa wa kweli. Inachukua saa kadhaa. Usiitumie kwa kazi ya mtu mpaka ujue.

DadaKamera_Bkv
Jumatatu, saa 11:20 jioni

Bandugu, nimepata lekteri. Nilisoma maandishi mpaka muuzaji akaniuliza kama natafuta herufi au natafuta kidude. Nimechomeka, nimetia kadi, na IMEFUNGUKA. Folda ya DCIM, ndani yake 100CANON. Nilikaa chini kwanza.

Lakini sasa nimeingiwa na hofu nyingine. Nimenakili 100CANON yote, mafaili 776. Nikasema kama picha ni 571, hizi 776 zimetoka wapi? Kisha nikaona nusu yake ni alama nyeupe tu, hazionyeshi picha. Na nilipopitia zinazofunguka zinaishia pale wanapotoka kanisani. Ukumbi wote haumo! Keki haimo, mahari ya mwisho haimo, bibi hayumo, maana ile ya shela niliipiga ukumbini. Kwenye kamera zilikuwepo jana kwa macho yangu. Je, lekteri imezila?

MwalimuBagira
Jumatatu, saa 11:48 jioni

Mwalimu wa Bagira hapa. Dada, rudi nyuma hatua moja. Toka ndani ya 100CANON, usimame kwenye DCIM. Unaona folda ya pili, 101CANON?

Canon inahesabu picha hadi 9999. Ikifika hapo inafungua folda mpya na kuanza tena 0001. Angalia faili lako la mwisho ulilonakili. Nadhani linaitwa IMG_9999.

DadaKamera_Bkv
Jumatatu, saa 12:05 jioni

Mwalimu!! Lipo. 101CANON lipo chini yake, sikuteremsha macho. La mwisho kule ni IMG_9999 kweli, na huku yanaanza 0001. Bibi ni IMG_0047.

Ninalia na mama mkwe amekuja kuuliza kuna nini.

MwalimuBagira
Jumatatu, saa 12:20 jioni

Tufanye hesabu pamoja, maana hesabu ndiyo itakayokupa usingizi. Folda ya kwanza mafaili 776. Kama ulipiga RAW, yaani picha ghafi ya kamera, pamoja na JPEG ya kawaida, kila picha ina mafaili mawili, kwa hiyo hapo ni picha 388. Zinaanzia IMG_9612 hadi 9999, sivyo? Kamera inahesabu hayo mawili kama picha moja, ndiyo sababu ilikuonyesha 571. Basi 101CANON lazima iwe na picha 183, yaani mafaili 366. Jumla mafaili 1142.

Na jambo moja zito: usitie 101CANON ndani ya folda yoyote yenye picha zako za zamani. Kamera yako ilishawahi kuwa na IMG_0001 nyingine, na IMG_0047 nyingine, siku ilipokuwa mpya. Mashini ikikuuliza kama ichukue nafasi ya lililopo na wewe ukakubali kwa uchovu, moja kati ya hizo mbili imekwenda. Kila harusi iwe na folda yake, na ndani yake uziache 100CANON na 101CANON kama zilivyo.

FundiNyawera
Jumatatu, saa 12:31 jioni

Mwalimu ameongea. Kuhusu zile alama nyeupe: ndizo RAW, mwisho wa jina lake ni CR2. Si mbovu. Windows yako haina cha kuzionyeshea tu. Utazifungua kwa Digital Photo Professional, ni ya Canon yenyewe na ni bure, wanakuomba namba iliyo chini ya kamera. Kwa flashi ya familia wape JPEG, CR2 baki nazo wewe. Kila CR2 ya 600D ina karibu megabaiti 25, JPEG karibu 6, kwa hiyo kazi yote ni giga 17 na kidogo. Kwa lekteri ya USB 2 hesabu dakika 20 hivi. Anza betri ya laptopu ikiwa imejaa, usianze ukitegemea ukuta.

MamaFoto_Goma
Jumatatu, saa 1:10 usiku

Dada, nimefurahi kama ni wangu. Sasa nisikilize bado kidogo, kwa sababu ni saa hii ya furaha ambapo watu hupoteza.

Nakili, usikate. Kadi ikiwa imefungwa LOCK, hata ukikata kwa kusahau itakataa, kwa hiyo iache imefungwa. Ukimaliza, hesabu mafaili pande zote mbili. Kisha usiangalie hesabu tu. Fungua picha ya kwanza, fungua chache za katikati, fungua ya mwisho kabisa, zikuze mpaka uone kope za macho, maana faili linaweza kuwa na jina na ukubwa na bado chini kukawa kijivu. Kisha nakala ya pili kwenye diski nyingine, si kwenye laptopu hiyohiyo. Kadi utaiformati baadaye, na utaiformati ndani ya kamera, siyo kwa mashini, ili kamera ijipangie inavyotaka.

Na flashi ya familia: wengi wataipeleka kwenye mashini za mtaani zenye virusi vile vinavyoficha mafolda na kuacha njia za mkato za bandia. Wakikupigia simu kwamba picha zimegeuka vimshale, waambie wasiformati, walete. Zinakuwa zimefichwa tu. Kama flashi ni E, kwenye dirisha jeusi la amri unaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na zinatokea tena. Ufute zile za bandia baada ya hapo.

KatubaPiksel
Jumatatu, saa 1:25 usiku

Yaya nashukuru Mungu kwa ajili yako. Wakubwa, na 70D yangu jamani? Windows yangu nimeangalia, haina N. Kable ni nzima, inafanya kazi kwenye kamera ya rafiki. Kwenye Gestionnaire hakuna jina lolote.

MwalimuBagira
Jumatatu, saa 1:40 usiku

Kaka, hukuwasha Wi-Fi ya kamera siku moja kwa ajili ya kutuma picha kwenye simu? 70D ikiwa na Wi-Fi imeruhusiwa kwenye menyu, njia ya kable inafungwa. Ingia menyu, izime Wi-Fi, chomeka tena.

KatubaPiksel
Jumatatu, saa 1:52 usiku

Ndiyo hiyo. Niliiwasha kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yangu, mwezi wa sita, sikuizima tena. Imefunguka sasa hivi. Miezi yote hiyo nilikuwa natoa kadi na kuirudisha mpaka mlango wake umelegea. Aksanti sana mwalimu.

DadaKamera_Bkv
Jumanne, saa 3:15 usiku

Umeme ulikatika mara mbili leo, na unakili wangu haukujua kitu, nilikuwa nimejaza betri kama papa fundi alivyosema. Mafaili 1142 kwenye laptopu, 1142 kwenye diski ya kaka yangu. Nilifungua ya kwanza, nikafungua ya mwisho, ambayo ni watoto wamelala kwenye viti vya ukumbi. Nilifungua IMG_0047 nikaikuza. Kwenye kioo cha kamera sikuwa nimeona kwamba kucha ya kidole kimoja cha bibi ina unga mweupe, alikuwa jikoni asubuhi ile. Na machozi ya bi harusi yako kwenye kope, bado hayajadondoka.

DadaKamera_Bkv
Alhamisi, saa 1:05 asubuhi

Jana nilipeleka flashi. Tuliifungua palepale kwenye mashini yao, JPEG zote 571. Baba wa bi harusi aliomba ile ya shela ichapwe kubwa, na nyingine ndogo ya kumpelekea bibi. Itavuka na mtu anayepanda mashua ya Idjwi Jumamosi.

Kijana_Ibanda, nimepita leo kwa yule kijana wa sekretaria, nimemweleza habari ya exFAT. Amebandika karatasi juu ya mashini yao: kadi ikiomba format, usikubali, muulize mwenye kadi kwanza. Wewe kadi yako ulishaipima?

Yangu bado ina LOCK. Iko kwenye droo, ndani ya bahasha yenye tarehe ya harusi, mpaka familia waniambie wamenakili za kwao mahali pengine.